Moto ukishazimwa: mwongozo kamili wa kutunza mwili na akili ya mzima moto wa Dar

Watu wengi hudhani hatari ya mzima moto inaisha pale moshi unapogeuka mweupe na mipira inapoanza kukunjwa. Nimefanya kazi hii miaka ya kutosha, kwanza kwenye kikosi cha zimamoto cha kiwanda, na siku hizi nafundisha vijana. Walioumizwa na ndimi za moto mbele ya macho yangu nawahesabu kwa vidole. Wengi waliumizwa na yaliyofuata: joto lililobaki mwilini, masizi yaliyobaki shingoni, picha iliyobaki kichwani.

Mwongozo huu nimeuandika kwanza kwa kiongozi wa zamu, kwa sababu yeye ndiye mwenye amri ya kusema, "Vua koti, kaa chini." Askari mwenyewe hatasema amechoka. Kama wewe ni mke au mume wa mzima moto, anza na hatua ya tano, mengine utayarudia ukipata nafasi.

Hatua ya kwanza: ujue moyo unaoupeleka motoni

Saa nane usiku askari amelala, mapigo ya moyo yako taratibu. Kengele inalia. Kabla hajamaliza kuvaa mabuti, moyo unakwenda mbio kama aliyepanda ghorofa tano bila kupumzika, na hapo hata kazi haijaanza. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu hizi zinatunzwa vizuri, kwa miaka mingi karibu nusu ya vifo vya wazima moto wakiwa kazini vimetokana na moyo kusimama ghafla. Mioyo yetu haikutengenezwa kwa chuma kuliko ya kwao.

Kwa hiyo vipimo vitangulie mazoezi. Presha ipimwe kila mwezi hapo hapo kituoni, mashine ya mkononi inapatikana duka lolote kubwa la dawa. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, askari aende kwa daktari. Sukari ipimwe asubuhi kabla ya kula, angalau mara moja kwa mwaka. Kitambi nacho kina kipimo cha bure: chukua kamba yenye urefu sawa na wa mtu mwenyewe, ikunje katikati ibaki nusu, mzungushie kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, tumbo limezidi. Waliovuka miaka 40, na vijana wenye historia ya moyo kwenye ukoo, wapimwe umeme wa moyo. Wanaweza kuanzia hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, na ikibidi wapewe rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Majibu ni ya askari na daktari wake. Siku utakayomtania mtu mbele ya paredi kwamba presha yake imepanda, jua umewafukuza wote waliobaki. Mwezi unaofuata kila mmoja atakuwa na udhuru.

Hatua ya pili: mazoezi yafanane na kazi

Mchakamchaka naupenda. Unajenga pumzi na umoja, na hadi leo nikisikia kiongozi wa nyimbo anaitikiwa miguu inaanza kucheza yenyewe. Lakini moto hauzimwi kwa raba. Koti, suruali, helmeti, mabuti na mtungi wa hewa ni zaidi ya kilo 20, na hapo hujabeba mpira wala majeruhi. Mwili uzoeshwe mzigo huo.

Vifaa havihitaji gharama. Madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji ni kilo 40: yabebe hatua 50, tua, rudi. Tairi chakavu la lori na kamba vinatosha kwa kuvuta. Gunia la mchanga lililovalishwa ovaroli kuukuu ni majeruhi mzuri wa mazoezi, mvute kinyumenyume akiwa ameshikwa chini ya makwapa, mgongo umenyooka na magoti ndiyo yanafanya kazi. Kama jirani kuna jengo la ghorofa nne, ombeni ruhusa ya kutumia ngazi zake mara moja kwa wiki. Siku mbili za mazoezi ya mzigo na siku mbili za kukimbia kwa wiki zinatosha.

Kipimo cha pumzi: kilomita 2.4, yaani mizunguko sita ya uwanja wa mita 400. Anayemaliza kwa dakika 12 na nusu au pungufu yuko karibu na kiwango ambacho wataalamu wa kazi hii wanakitaka. Na pushapu zisidharauliwe. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 na watu wa Harvard uliwafuatilia wazima moto wanaume 1,104 kwa miaka 10. Waliomudu pushapu zaidi ya 40 walipungukiwa hatari ya matatizo ya moyo kwa asilimia 96 wakilinganishwa na walioishia chini ya 10. Si kwamba pushapu inatibu moyo, ila inaonyesha hali ya mwili mzima.

Angalizo moja linalosahaulika: usimalize watu nguvu mwanzoni mwa zamu. Kengele haiulizi kama mmetoka kuruka kichura. Mazoezi makali yafanyike saa 12 asubuhi au jua likishapoa, na askari abaki na akiba.

Hatua ya tatu: joto la Dar si joto la kitabuni

Kuanzia Desemba mpaka Machi mchana wa Dar hufika nyuzi 32 au 33, na hewa imeshiba unyevu wa bahari. Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Ndani ya koti la moto halina pa kukaukia, linachuruzika tu hadi kwenye mabuti. Mtu anapikika ndani ya nguo ile ile inayomlinda.

Askari aliyehamia kutoka Njombe au Mbeya mwezi wa Januari apewe siku 10 hadi 14 za kuzoea. Aanze na mazoezi mepesi kwenye joto, aongeze muda kila siku, na nguo nzito zije mwishoni. Ukimpeleka ghalani siku ya pili na mtungi mgongoni, utakuja kumbeba yeye.

Maji yanywewe kutwa, si kengele ikishalia. Mkojo ufanane na maji yaliyokamuliwa limau kidogo. Ukifanana na chai ya rangi, huyo ameshakauka. Madafu ni mazuri na mjini hapa hayakosekani, ila chumvi yake ni kidogo kuliko inayotoka na jasho, kwa hiyo pakiti za ORS ziwemo kwenye gari kila zamu.

Kwenye tukio, chagua mapema sehemu ya kupumzikia: kivulini, upande upepo unakotoka, mbali na bomba la moshi la gari lenu wenyewe. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni hii: baada ya mitungi miwili ya dakika 30, au mmoja wa dakika 45, askari apumzike si chini ya dakika 20. Apumzike kweli. Koti livuliwe, suruali ishushwe hadi kwenye mabuti, na mikono izamishwe mpaka viwiko kwenye ndoo ya maji ya kawaida kwa dakika 15 hadi 20. Damu nyingi hupita kwenye viganja na mikono, ikipoa pale inapoza mwili wote.

Mara moja mama ntilie alitupa beseni lake la kuoshea vyombo. Askari wawili wakakaa juu ya kreti za soda, mikono ndani ya beseni, povu la sabuni bado linaelea. Mmoja alikuwa ameshaanza kukodoa macho bila kujibu akiitwa. Hazikupita dakika 15 akaanza kumdai yule mama wali maharage. Tangu siku hiyo sijaona sababu ya gari kutoka kituoni bila beseni.

Dalili ya kuogopa kuliko zote ni akili kuvurugika. Muulize, "Afande, hapa tuko mtaa gani?" Akikutajia jina la shemeji yake, hapo ni joto limepanda kichwani na ni dharura. Mpoze kwanza, safari ya hospitali ifuate. Mvue nguo, mlaze, mmwagie maji mfululizo huku mwingine anampepea, na barafu ya muuza soda iwekwe makwapani, shingoni na kwenye nyonga. Una kama nusu saa ya kuushusha mwili wake, na foleni ya Buguruni inaweza kuimaliza nusu saa hiyo yote. Usimnyweshe kitu aliyechanganyikiwa, atapaliwa.

Hatua ya nne: masizi si sifa

Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ushahidi uliokuwa mzito zaidi ulihusu saratani ya kibofu cha mkojo na ile ya utando wa mapafu inayoletwa na asbesto. Majengo yetu ya zamani yenye paa za asbesto bado yapo, na stoo za Kariakoo zimejaa plastiki, vitambaa na magodoro. Godoro la sponji likiungua linatoa gesi ya sianidi, mbali na ile kaboni monoksaidi tunayoijua kwenye jiko la mkaa.

Wakati mbaya zaidi ni ule wa kupekua masalia. Moto umelala, moshi hauonekani, watu wanavua barakoa za mitungi ya hewa wapate kupumua na kupiga stori. Gesi bado ipo, haina rangi tu. Barakoa ibaki usoni mpaka mtu anapotoka nje ya jengo.

Sasa nikiri langu. Miaka yangu ya mwanzo koti lenye masizi lilikuwa fahari yangu. Lisipokuwa jeusi unaonekana bado mgeni. Nilikuwa nalitupa kwenye buti la gari narudi nalo nyumbani, na mwanangu wa miaka mitatu alikuwa akilivaa sebuleni akipiga king'ora kwa mdomo, mikono ya koti ikiburuta sakafuni. Nilimpiga picha nikicheka. Picha hiyo bado ninayo, sasa siicheki.

Utaratibu wenyewe ni mfupi, na ufanyike pale pale kwenye tukio:

1. Kabla hajavua barakoa, askari amwagiwe maji kidogo, asuguliwe kwa brashi na sabuni ya maji kuanzia helmeti hadi mabuti, kisha asuuzwe. Kazi ya dakika mbili tatu. Vipimo vilivyofanywa kwa njia hii vimeonyesha sumu juu ya nguo ikipungua kwa takriban asilimia 85.
2. Ndipo avue. Uso, shingo, nyuma ya masikio na viganja vifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Ngozi ya shingo na ya kwenye korodani hupitisha sumu kirahisi, na joto linazidi kuifungua.
3. Asile, asivute sigara wala asishike simu kabla ya kunawa.
4. Koti na suruali ziingie kwenye mfuko mkubwa wa plastiki na kusafiri nyuma ya gari, zisiingie ndani walikokaa watu.
5. Kuoga kwa sabuni ndani ya saa moja baada ya kurudi kituoni. Ile kofia ya kitambaa inayovaliwa chini ya helmeti ifuliwe kila baada ya moto. Ni ya bei nafuu kuliko koti, basi kila mtu awe nazo mbili.

Nguo za moto zifuliwe kituoni peke yake. Zisifuliwe nyumbani na nepi za mtoto.

Na kwa dada zetu kikosini: glovu kubwa na koti linalopwaya vinaruhusu moshi na maji ya moto kupenya, kwa hiyo saizi zao ziagizwe, wasipewe mabaki ya wanaume. Mjamzito atoke kwenye moshi tangu siku anayojua, apangiwe mawasiliano au ukaguzi bila kupunguziwa heshima. Kama kutoa taarifa ya mimba kunamfanya aonekane mzigo, atanyamaza, na mtoto ndiye atakayelipa.

Chakula na usingizi, kwa ufupi

Ongea na mama lishe wa jirani na kituo. Mkimhakikishia sahani 15 kila siku atawapikia ugali, dagaa, maharage na mchicha badala ya kila mtu kukimbilia chipsi mayai saa tano usiku. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinaupandisha moyo ambao kengele itaupandisha tena, viachwe.

Ramadhani ipangwe kabla mwezi haujaandama. Aliyefunga awekwe kwenye pampu au mawasiliano mchana inapowezekana, asipewe mtungi wa pili, na suala la kufungua kwa dharura akamuulize sheikh wake mapema. Pale moshini si mahali pa kuanzisha mjadala wa fikihi.

Usingizi wa mchana wa dakika 20 hadi 30 kazini si uvivu. Na aliyekesha asipande pikipiki yake mwenyewe kurudi Mbagala asubuhi. Apande daladala, asinzie humo.

Hatua ya tano: kile kinachobaki kichwani

Dar imewapa waokoaji wake mengi ya kubeba: milipuko ya mabomu Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, ghorofa lililoanguka katikati ya jiji Machi 2013, na ghorofa la Kariakoo Novemba 2024, ambako kazi ya kufukua kifusi ilikwenda kwa siku kadhaa. Lakini usisubiri tukio la kutangazwa redioni. Chumba kimoja Tandale, kibatari kimeanguka, watoto wawili: hilo halifiki gazetini, na linaweza kumkalia mtu miaka kumi.

Kuna na maneno ya watu. Mmetoka kwenye foleni na vichochoro, mnafika, mtu anapiga kelele, "Mmekuja kuzima majivu?" Askari anafanya kazi huku anatukanwa na aliyepoteza kila kitu, na hawezi kumjibu. Teua mtu mmoja wa kuongea na wananchi kila tukio, asiyeshika mpira. Wengine waambiwe wazi kwamba matusi yale ni ya uchungu, na hayakuandikiwa wao.

Usiku ule ule, fanya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani amenyamaza kuliko kawaida yake, nani anatetemeka, nani anafanya mzaha usiokoma. Kaa naye. Kahawa na kashata vinafungua vinywa kuliko mkutano. Muulize vitu vidogo: umekula? utalala wapi? nani yuko nyumbani? Akitaka kusimulia, sikiliza bila kumkatiza. Asipotaka, mwache. Ile desturi ya kuwaweka wote kwenye duara na kumlazimisha kila mmoja aeleze alichokiona, Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, kwani haizuii kiwewe. Mwisho muunganishe na mtu: mwenzake wa zamu, ndugu, padre au imamu, au mshauri nasaha.

Kuna maneno ya kuyameza. "Jikaze." "Mbona mwenzako yuko sawa?" "Ni mapenzi ya Mungu," hata kama unaamini hivyo. Mimi husema tu, "Ile ilikuwa nzito. Nipo." Halafu nanyamaza.

Wiki za kwanza ndoto mbaya, kushtuka na kukosa hamu ya kula ni vya kawaida, na kwa wengi hupungua vyenyewe. Vikizidi mwezi mmoja, au vikimzuia kufanya kazi na kuishi na watu, huyo anahitaji mtaalamu. Lakini dalili haziji na kibandiko. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aliacha kula mishkaki. Tulimtania wiki kadhaa kwamba amekuwa mla majani. Siku moja tulipita kijiweni jioni, moshi wa nyama ukatupiga usoni, akainama akatapika barabarani. Hapo ndipo tukaelewa kwamba ile harufu ilikuwa inamrudisha kwenye nyumba tuliyochelewa. Ningekuwa nimemuuliza mapema badala ya kucheka, angeepuka miezi miwili ya mateso.

Nyumbani ndiko kunakoonekana zaidi. Shemeji, ukiona mtu wako analala sebuleni taa inawaka, anafoka kwa kijiko kuanguka, amekwepa harusi na misiba, au bia mbili za Jumamosi zimekuwa za kila siku, usimsubiri aseme. Mwambie ulichokiona bila kumhukumu, na mpigie kiongozi wake unayemwamini. Kiongozi naye awaalike wenza kituoni angalau mara moja kwa mwaka, wajue namba ya kupiga na wajue hawatamharibia mtu kazi.

Kikwazo kikubwa ni aibu. Mjini hapa ukitaja daktari wa akili, mtu anakujibu, "Kwani mimi wa Mirembe?" Njia iliyonifaa ni kuipa safari hiyo jina lake la kawaida: hospitali. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili kama ilivyo ya mifupa, na hospitali ya rufaa ya mkoa ni pa kuanzia. Nenda naye, kaeni foleni pamoja. Kiongozi akisema mbele ya zamu kwamba yeye mwenyewe alishawahi kwenda, kazi imekuwa nyepesi kwa wote.

Ukihisi mtu anawaza kujidhuru, muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpi wazo, linampa mlango. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwenda chooni, dawa, sumu na kamba viondolewe karibu yake, na aende hospitali siku hiyo hiyo akiwa na mtu anayemwamini.

Hatua ya sita: daftari

Saratani na mapafu mabovu huja baada ya miaka 15 au 20, wakati hakuna anayekumbuka nani aliingia wapi. Kila askari awe na daftari lake gumu, aandike kila moto kabla ya kulala, na alichukue akihamishwa kituo. Daktari atakayemwona uzeeni atalihitaji, na yeye mwenyewe atalihitaji akitakiwa kuthibitisha kwamba maradhi yameletwa na kazi. Mistari minne inatosha, mfano hivi:

"Jumanne usiku. Stoo ya magodoro, moshi mweusi mzito. Mitungi miwili, dakika 40 ndani, kupekua dakika 30 na barakoa. Nimesuguliwa, nimeoga saa tisa na robo. Koo linawasha, usingizi hakuna. Nimeongea na mwenzangu."